Banjo na Sauti ya Milimani: Mkusanyaji, Mfanyabiashara na Suala la Umiliki katika Mapokeo ya Appalachia

Utangulizi

Wimbo wa mapokeo, twaambiwa, hauna mwenyewe. Ni mali ya jamii. Kauli hii imekaririwa mno katika mihadhara na vitabu vya fasihi simulizi hata imekuwa kama kanuni isiyohitaji kuthibitishwa. Hata hivyo, kauli yenyewe huzaa swali ambalo ni nadra kuulizwa: jamii ipi? Nani aliyeichora mipaka ya jamii hiyo, lini, na kwa manufaa ya nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea uimbaji na upigaji wa banjo katika milima ya Appalachia ya kusini, yaani eneo linalojumuisha West Virginia, mashariki mwa Kentucky na Tennessee, kusini-magharibi mwa Virginia na magharibi mwa North Carolina, nchini Marekani.

Mapokeo haya yamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, yamekusanywa na kurekodiwa kwa wingi, hivyo twaweza kuifuata historia ya ukusanyaji wake hatua kwa hatua. Pili, kwa muda mrefu yalitajwa kuwa mfano bora wa fasihi simulizi ya Wazungu walioishi kwa kujitenga, ilhali chombo chake kikuu kina asili ya Kiafrika. Tunadai kwamba mgawanyiko huu haukutokana na waimbaji wenyewe. Uliletwa na watu wawili waliofika baadaye, mkusanyaji na mfanyabiashara wa santuri, na ushahidi wa kuukanusha umo ndani ya utendaji.

Kibuyu kilichovuka bahari

Banjo ya milimani ni chombo cha nyuzi tano chenye duara la mbao lililowambwa ngozi mfano wa ngoma, na shingo ndefu. Nyuzi nne hufika mwisho wa shingo. Uzi wa tano ni mfupi. Hufungwa katikati ya shingo, huchezwa kwa kidole gumba, na kwa kawaida haubonyezwi, hivyo hutoa sauti ileile moja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Katika mtindo wa kale wa upigaji, mkono hushuka: kucha ya kidole cha shahada au cha kati hugonga uzi kwa kuelekea chini, kisha gumba huuvuta uzi mfupi.

Babu wa chombo hiki alikuwa kibuyu. Hans Sloane, tabibu aliyefika Jamaica mwaka 1687, alieleza ala za nyuzi zilizotengenezwa kwa vibuyu na watumwa wa Kiafrika kisiwani humo, na picha yake ikatokea katika kitabu chake cha mwaka 1707. Thomas Jefferson, katika kitabu chake juu ya Virginia kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1785, alikitaja chombo hiki na kusema kwamba watumwa walikileta kutoka Afrika. Mchoro wa rangi uliochorwa South Carolina katika miaka ya 1780, ambao sasa unahusishwa na John Rose, unaonyesha mtumwa akipiga banjo ya kibuyu yenye nyuzi nne, mmoja wao ukiwa mfupi. Hoja iliyoshikiliwa kwa muda mrefu kwamba uzi mfupi ulibuniwa na Joel Walker Sweeney, Mzungu wa Virginia aliyezaliwa mwaka 1810, inaanguka yenyewe mbele ya mchoro huo.

Kuhusu asili ya mbali zaidi, hatuna budi kuwa waangalifu. Mwaka 2000 Daniel Laemouahuma Jatta, msomi wa jamii ya Wajola kutoka Gambia, aliwaonyesha wachunguzi wa banjo nchini Marekani ala iitwayo akonting. Ina mwili wa kibuyu, shingo ndefu na nyuzi tatu, mmoja mfupi, na hupigwa kwa ukucha unaoshuka huku gumba likiushughulikia uzi mfupi. Ufanano na mtindo wa milimani ni mkubwa. Hata hivyo, haifuati kwamba banjo ni mtoto wa akonting pekee. Afrika Magharibi ina ala nyingi za aina hii, na yaelekea chombo kipya kilizaliwa visiwani Karibi katika karne ya 17, watu wa makabila mbalimbali walipokutanishwa na utumwa.

Chombo hiki kilifika milimani kwa njia zaidi ya moja. Watumwa walikuwapo milimani tangu mapema, ingawa kwa idadi ndogo kuliko katika nchi tambarare za mashamba makubwa. Kuanzia mwaka 1843, kundi la Virginia Minstrels lilipotumbuiza New York, kulienea maigizo ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwadhihaki Weusi huku wakipiga ala yao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliwachanganya vijana wa sehemu nyingi. Hatimaye zikaja reli na migodi ya makaa ya mawe, ambako vibarua Weusi na Weupe walifanya kazi karibu karibu. Wimbo wa John Henry, mchimba handaki Mweusi aliyeshindana na mashine hata akafa, ulizaliwa katika mazingira hayo. Wasomi wangali wanabishana ni handaki lipi, lakini hapana anayebisha kwamba shujaa huyo Mweusi aliimbwa na Wazungu wa milimani, tena kwa banjo.

Kalamu ya mkusanyaji

Kati ya 1882 na 1898, Francis James Child wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mkusanyo wa nyimbo za kisa 305 za Uingereza na Uskoti. Mkusanyo huo uligeuka kuwa kipimo cha mapokeo: wimbo uliokuwa na nambari ya Child ulikuwa na nasaba, na usiokuwa nayo ulihesabiwa kuwa takataka au bidhaa ya juzi. Child alifanya kazi yake kwa maandishi. Waliokwenda kuzisaka nyimbo hizo vinywani mwa watu milimani ni wengine, na mmojawapo wa watangulizi wao alikuwa Olive Dame Campbell. Mwaka 1915 alimwonyesha Mwingereza Cecil Sharp nyimbo alizokuwa amezikusanya. Kati ya 1916 na 1918 Sharp, akiandamana na msaidizi wake Maud Karpeles, alizunguka milimani kwa jumla ya wiki 46.

Matunda ya safari hizo ni makubwa. Katika mji wa Hot Springs, North Carolina, mwanamke mmoja tu, Jane Hicks Gentry, alimwimbia Sharp nyimbo zaidi ya 60. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1917 kwa majina ya Campbell na Sharp, na toleo pana lililohaririwa na Karpeles likatoka mwaka 1932. Pasipo kazi hiyo, sauti za wanawake wengi wasiojulikana zingepotea kabisa. Kwa hivyo lengo letu si kuwabeza wakusanyaji hawa. Tunalotaka kuliangalia ni kile walichokuwa wakikitafuta, kwa kuwa mtafutaji huokota alichokijia.

Sharp alikuja kutafuta Uingereza. Aliamini kwamba milima ilikuwa imehifadhi utamaduni wa mkulima Mwingereza uliokwisha kufifia kwao kutokana na viwanda. Karibu waimbaji wake wote walikuwa Wazungu. Katika utangulizi wa kitabu cha 1917 aliandika kwamba alikutana na mwimbaji mmoja tu aliyeandamanisha wimbo na ala, nayo ilikuwa gita. Ni vigumu kuisoma kauli hiyo bila kushangaa, kwani wakati ule Clarence Ashley, aliyezaliwa mwaka 1895, na Dock Boggs, aliyezaliwa mwaka 1898, walikuwa vijana wa milimani ambao tayari walikuwa wakipiga banjo.

Hatusemi kwamba Sharp alidanganya. Uimbaji wa nyimbo za kisa bila ala ulikuwa desturi ya kweli, hasa kwa wanawake waliokuwa wakiimba wakiendelea na kazi za nyumbani. Lakini mkusanyaji anapoomba nyimbo za kale, naye mwimbaji akajua kwamba mgeni huyu hahitaji banjo, banjo hubaki ukutani. Kilichoingia kitabuni ni kweli, ila ni sehemu tu ya kweli. Sehemu hiyo ndiyo iliyofundishwa vyuoni kama mapokeo kamili.

Lebo ya mfanyabiashara

Mfanyabiashara alikuja na haja nyingine. Mwaka 1923 kampuni ya OKeh ilimrekodi mpiga fidla John Carson mjini Atlanta, na mauzo yakadhihirisha kwamba watu wa mashambani walikuwa tayari kununua muziki wao wenyewe. Mwaka uliofuata, Samantha Bumgarner wa North Carolina na mwenzake Eva Davis waliirekodia kampuni ya Columbia kwa banjo na fidla, jambo linalotukumbusha kwamba banjo haikuwa ya wanaume peke yao.

Ili kuuza, kampuni zilipanga, na zilipanga kwa rangi ya ngozi. OKeh iliwatengea Weusi mfululizo wa nambari 8000 na Wazungu wa mashambani mfululizo wa 45000. Columbia ilikuwa na 14000-D kwa Weusi na 15000-D kwa Wazungu. Mwimbaji Mweusi alitarajiwa kuleta bluzi, na Mzungu alitarajiwa kuleta nyimbo za kale. Mweusi aliyepiga banjo na fidla kwa mtindo wa milimani hakuwa na rafu ya kuwekwa dukani. Ni kweli pia kwamba vijana wengi Weusi walikuwa wakiihama banjo kwa sababu zao wenyewe: gita lilikuwa limeingia, na maigizo ya nyuso za masizi yalikuwa yameifanya ala ya babu zao kuwa kielelezo cha dhihaka. Mambo haya mawili yalisaidiana. Dhihaka iliwafukuza baadhi yao, na waliobaki hawakuandikwa.

Licha ya hayo, mipaka ya lebo haikuwa mipaka ya waimbaji. Mwaka 1927 mpiga fidla Mweusi wa Kentucky, Jim Booker, alirekodi pamoja na Wazungu katika kundi la Taylor's Kentucky Boys. Mwaka huohuo Dock Boggs, mchimba makaa wa Norton, Virginia, alirekodi nyimbo nane mjini New York kwa kampuni ya Brunswick. Boggs alisimulia baadaye kwamba ujanani mwake aliwaona wanamuziki Weusi katika kambi ya migodi ya Dorchester, mmoja wao akidonoa nyuzi za banjo kwa vidole badala ya kuzipiga kwa kushuka, naye akaazimia kupiga hivyo. Miongoni mwa nyimbo zake nane mlikuwamo bluzi alizojifunza katika santuri za waimbaji wa kike Weusi. Huyu ndiye aliyeuzwa kama sauti halisi ya mlima wa Wazungu.

Hapa kuna kiungo kimoja na historia yetu nchini Kenya. Katika kiangazi cha 1927, kampuni ya Victor ilimtuma Ralph Peer kurekodi wanamuziki katika mji wa Bristol, ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia. Miongoni mwa waliorekodiwa kwa mara ya kwanza alikuwamo Jimmie Rodgers wa Mississippi. Santuri zake zilienea duniani, zikafika hadi Bonde la Ufa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha, jina ambalo kwa maelezo yake lilitokana na la Rodgers. Wasichana wale hawakujua lebo wala nambari za mfululizo. Waliisikia sauti, wakaipa jina la kwao, na wakaifanya kuwa yao.

Ushahidi wa utendaji

Tukitaka kuuona uhalisi wa mapokeo haya, yafaa tuuache ukurasa na rafu ya duka tusikilize utendaji. Clarence Ashley anatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1930 alirekodi kwa Columbia wimbo uitwao "The House Carpenter", ambao ni nambari 243 katika mkusanyo wa Child. Ni kisa cha mke wa seremala anayemwacha mumewe na mtoto wake mchanga ili kumfuata mpenzi wake wa zamani aliyerejea kutoka baharini, kisha merikebu ikazama. Katika baadhi ya matini za Uskoti mpenzi huyo ni shetani au mzuka. Marekani, kwa sehemu kubwa, uzuka huo umepukutika, akabaki mwanamume wa kawaida, na kosa likabaki kuwa la kibinadamu.

Ashley anauimba wimbo huo kwa banjo. Mwimbaji asiye na ala ana uhuru wa kuirefusha silabi apendavyo na kusimama anapotaka kuvuta pumzi. Banjo haimpi uhuru huo. Mapigo yake hayakomi, na uzi mfupi unairudia sauti ileile moja iwapo mwanamke yuko nyumbani au anazama. Kisa cha Kizungu kinasimuliwa juu ya mpigo ambao chimbuko lake liko katika mikono ya Waafrika. Anayetaka kuvitenga viwili hivyo hana budi kuuvunja wimbo.

Mwaka mmoja kabla, 1929, Ashley alikuwa amerekodi "The Coo Coo Bird". Huu hauna kisa. Ubeti mmoja ni wa ndege, mwingine wa kibanda cha mlimani, mwingine wa mchezo wa karata. Beti hizi ni za kuelea: zapatikana katika nyimbo nyingi, nazo huunganishwa na hali ya moyo badala ya mfululizo wa matukio. Utunzi wa namna hii twaukuta pia katika bluzi, na ndio uliotawala nyimbo za banjo kwa Weusi na Weupe. Isitoshe, Ashley amezikaza nyuzi zake kwa namna ambayo, zikipigwa wazi, hamna ile sauti ya tatu ya ngazi ambayo katika muziki wa Kizungu huamua kama wimbo ni wa uchangamfu au wa majonzi. Msikilizaji huachwa katikati, asijue acheke au alie. Ufundi huu hauonekani kwa anayesoma maneno peke yake, na mkusanyo wa maneno peke yake usingeuhifadhi.

Kanisani pia twaukuta mchanganyiko. Wabatisti wa makanisa ya kale ya mashariki mwa Kentucky huimba bila ala yoyote. Kiongozi hutoa mshororo kwa haraka, kisha waumini huurudia polepole kwa sauti moja isiyogawanywa, kila mmoja akiupamba kwa kadiri yake. Desturi hiyo ilitoka Uingereza na Uskoti, lakini imeshikwa na makanisa mengi ya Weusi kusini mwa Marekani kwa uthabiti uleule. Roscoe Holcomb wa Daisy, Kentucky, aliyerekodiwa na John Cohen mwaka 1959, alikuwa na sauti kali ya juu iliyokulia katika uimbaji huo, naye aliipeleka sauti hiyo kwenye banjo na bluzi bila kuona kwamba amevuka mpaka wowote.

Waliosahauliwa na walioitwa tena

Kwa kuwa historia iliandikwa kutokana na vitabu na santuri, wapigaji Weusi walionekana kana kwamba hawakuwapo. Lakini walikuwapo. Katika santuri ya mwaka 1956 ya ala za Appalachia ya kusini mlirekodiwa Boone Reid, mpiga banjo Mweusi wa North Carolina, pamoja na bintiye Etta Baker. Dena Epstein alichapisha mwaka 1975 uchunguzi wa nyaraka uliouweka wazi ukale wa banjo miongoni mwa watumwa, na mwaka 1995 Cecelia Conway akatoa kitabu kuhusu wapigaji banjo Weusi wa North Carolina na mchango wao kwa mapokeo ya milimani.

Mwezi wa Aprili 2005 wapigaji na wasomi wa banjo ya Weusi walikutana katika mji wa Boone, North Carolina. Mkutano huo uliwaleta pamoja vijana waliounda kundi la Carolina Chocolate Drops, miongoni mwao Rhiannon Giddens. Vijana hao walikwenda kujifunza kwa Joe Thompson, mpiga fidla aliyezaliwa mwaka 1918 na ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepiga pamoja na binamu yake Odell, mpiga banjo. Thompson hakuwa mtu wa milimani hasa. Aliishi katika nchi ya vilima chini ya milima. Alifariki mwaka 2012, baada ya kuwakabidhi vijana hao nyimbo zake. Mnyororo uliodhaniwa kuwa umekatika ulikuwa umebaki na pete moja, nayo ikatosha.

Hitimisho

Tumeona kwamba mapokeo ya Appalachia yalijengwa na watu wa asili mbalimbali walioazimana ala, sauti na mbinu za utunzi kwa muda wa karne nzima na zaidi. Mgawanyiko wa nyimbo hizi katika "za Wazungu" na "za Weusi" uliingizwa na kalamu iliyotafuta nasaba ya Kiingereza na lebo iliyotafuta wateja. Kuazimana huko, hata hivyo, hakukuwa kwa usawa. Aliyetoa chombo alikuwa mtumwa, na aliyekichukua aliweza kumdhihaki kwa chombo hichohicho. Kwa sababu hiyo kauli kwamba wimbo ni wa wote haitoshi. Ikitamkwa bila historia, humfuta mara ya pili yule aliyekwisha kufutwa.

Sisi tunaokusanya na kufundisha fasihi simulizi nchini Kenya tuna sababu ya kulizingatia jambo hili. Mikusanyo yetu mingi imepangwa kwa makabila: tunao mkusanyo wa Naomi Kipury (1983) juu ya Wamaasai, na wa Kabira na Mutahi (1988) juu ya Wagikuyu. Kazi hizi ni za thamani, na pasipo hizo tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini mpango huo, kama nambari za OKeh, huamua mapema ni wimbo upi utakuwa na rafu na upi utakosa. Wimbo wa arusi unaoimbwa kwa lugha mbili, wimbo wa kiwandani wa vibarua wa makabila manne, au Chemirocha yenyewe, itawekwa katika kitabu kipi?

Tunapendekeza basi kwamba mtafiti aendapo nyanjani aandike si maneno ya wimbo tu, bali pia ala, mkono unavyoipiga, na mtu ambaye mwimbaji alijifunza kwake, hata kama mtu huyo ni wa jamii nyingine. Boggs aliulizwa swali hilo la mwisho akalijibu bila kusita. Waimbaji wengi wangelijibu vivyo hivyo kama wangeulizwa. Ni matumaini yetu kwamba watafiti chipukizi wa idara zetu hawatachelea kuwauliza.